Matundu Ishirini na Mawili

Kaka yangu alipoyaona matundu ishirini na mawili niliyotoboa chini ya trela jipya la alumini, aliweka kikombe chake cha chai mezani na kuniuliza kama nimerogwa. Sikuwa nimerogwa. Nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika hushika keekee.

Tulikuwa tumebishana wiki nzima. Kikosi cha uokoaji baharini kilituagiza tuunde matrela mawili ya kubebea boti, yale yanayosukumwa mpaka ndani ya maji ya chumvi, boti ielee, kisha yanavutwa nje yakichuruzika. Matrela yao ya zamani yalikuwa ya chuma na kutu iliyamaliza ndani ya miaka minne. Sasa walitaka alumini. Kwa kaka hapo maneno yalikwisha: alumini haishiki kutu, kwa hiyo tuzibe ncha zote za mihimili kwa kuchomelea, maji yasipate pa kuingilia.

"Yataingia tu," nikamwambia. "Yatapita penye boliti. Sasa yakishaingia yatokee wapi?"

"Nani kakwambia hayo?"

"Sufuria."

Alicheka mpaka mafundi wakaacha kazi kumtazama. Lakini nilisema kweli. Mama aliwahi kusahau sufuria ya alumini yenye maji ya chumvi na kijiko cha chuma ndani yake, wiki mbili nzima. Nilipokuja kuisugua nilikuta vishimo pale pale kijiko kilipolala, na nilipoiinua dirishani nikaona mwanga upande wa pili. Chuma na alumini vikigusana kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Ndiyo maana nilitoboa matundu, maji yasikae ndani. Na ndiyo maana mimi na wifi yangu, mke wa huyo huyo kaka, tulikaa jioni mbili tukikata dumu la mafuta ya kupikia kuwa vipande na vikombe vidogo vya plastiki, ili boliti zote za chuma zisiguse alumini popote.

"Unaniletea mambo ya jikoni karakanani," kaka akasema.

Karakana ilikuwa ya marehemu baba, na alituachia kitu kimoja ambacho sote wawili tulikitaka: muhuri wa chuma wenye alama yake, nyundo ndani ya duara. Kila kazi njema iliyotoka mlangoni iligongwa muhuri huo. Kaka ndiye mkubwa, kwa hiyo alikaa na ufunguo wa droo ya muhuri. Trela alilounda yeye, lililozibwa kila ncha, aliligonga siku hiyo hiyo. Langu alikataa.

"Siwezi kuweka alama ya baba kwenye chujio," akasema. "Liende hivyo hivyo. Baada ya miaka mitatu watayakagua yote mawili. La kwako likishindwa, unatundika kofia yako ya kuchomelea, unakaa ofisini kupokea simu."

"Sawa," nikajibu kabla sijafikiri. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia. Tangu siku hiyo mafundi wote wakaniita Chujio.

Miaka mitatu si mchezo. Kikosi kiliyaosha matrela yote mawili kwa maji yasiyo na chumvi kila yalipotoka baharini, lakini mpira wa maji hauwezi kuosha ndani ya mhimili uliozibwa. Kaka naye alikwenda kila baada ya miezi michache na kitambaa na dawa ya kung'arishia, akalisugua la kwake likamulika. Langu hakuna aliyelisugua. Niliogopa, sioni haya kusema. Kuchomelea ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda, na simu za ofisini nazichukia.

Asubuhi ya ukaguzi, matrela yalisimama sambamba juu ya mteremko wa zege unaoingia majini. La kaka liling'aa. La kwangu lilikuwa la kijivu, limefubaa kama sufuria ya zamani.

"Chujio, hili lako umeliokota wapi?" mmoja wa waokoaji akaniuliza, na wenzake wakacheka.

Mkuu wa kikosi, mtu mzima wa maneno machache, aliyazunguka mara mbili akipitisha kiganja. Kaka alikuwa amevaa shati jeupe. "Kwa macho," Mkuu akasema, "la kaka yako."

Niliiona kofia yangu ikining'inia kwenye msumari. Wifi akanifinya mkono.

"Usilie mbele yao, wifi. Utalia nyumbani."

"Silii," nikasema, na sauti ikanisaliti.

"Sasa tuyapime kwa mzigo," Mkuu akaendelea. Boti ingepakiwa, watu wanane wakae ndani na vifaa vyao vyote, trekta livute kutoka majini mpaka juu, lipite kwenye tuta lililo mwisho wa mteremko. La kaka likaanza.

Lilipanda vizuri. Magurudumu yalipogonga tuta nikasikia mlio kama kuni kavu inavunjwa. Mhimili wa kulia ulijikunja penye boliti, boti ikalala ubavu, na watu wanane wakashikana wao kwa wao. Hakuna aliyeumia. Kisha pale palipovunjika yakamwagika maji ya miaka mitatu, yenye harufu mbaya, yamechanganyika na kitu cheupe kizito kama uji. Yakashuka kwenye zege mpaka kwenye viatu vya kaka.

Niliinama nikagusa ukingo uliovunjika. Nje bado uling'aa. Ndani alumini ilikuwa imeliwa, imebaki nyembamba kama karatasi, na kidole changu kilipenya bila kusukuma sana.

Wifi ndiye aliyesema, taratibu, "Uzuri wa mkakasi." Hakuimalizia methali, maana kila mtu pale alijua kilichomo ndani.

Zamu yangu. Boti ile ile, watu wale wale, ingawa wawili walibembelezwa kidogo. Trekta lilisukuma trela langu baharini mpaka likazama lote, kisha likavuta. Maji yalitoka kwenye matundu yote ishirini na mawili kwa pamoja, na lilipofika kwenye tuta lilikuwa limeshabaki likidondosha matone tu. Likapanda tuta, likashuka. Mkuu akaagiza lirudie, likarudia. Mara ya tatu nilikuwa natembea kando yake nikilipigapiga kama ng'ombe wangu.

Mkuu alifungua boliti moja. Chini ya plastiki alumini ilikuwa nzima, kama siku nilipoiacha.

"Hii ni nini?"

"Dumu la mafuta ya kupikia, Mkuu."

Akacheka. Wale waokoaji waliapa kwamba hawajawahi kumsikia akicheka. "Nataka mengine sita," akasema. "Yote yawe na matundu."

Furaha ilinipanda nikashindwa kutulia mahali pamoja. Nilikuwa na maneno niliyomwandalia kaka miaka mitatu, makali yote, nimeyanoa vizuri. Nikageuka nimpe, sikumwona. Alikuwa kwenye gari lake, na nikadhani anaondoka. Akarudi na nyundo na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Nilikijua kabla hajakifungua.

"Ulikuja nao?"

"Tangu asubuhi." Hakunitazama. "Mwaka jana nilianza kuona unga mweupe penye boliti. Nikajidanganya kuwa ni chumvi tu. Kila nikija naufuta, nang'arisha juu."

Yale maneno yangu makali sikuyaona tena yalikokwenda.

Kaka alipiga magoti na shati lake jeupe katikati ya ule uji, akausimamisha muhuri wa baba kwenye mkono wa mbele wa trela langu, akaushika kwa vidole viwili. Nyundo akanipa mimi.

"Gonga wewe, fundi," akasema. "Ila vidole ni vyangu, usikose."

Niligonga mara moja. Nyundo ndani ya duara ikatokea, nyeupe, inang'aa juu ya ile rangi ya kijivu.

"Itafubaa," kaka akasema.

"Iache ifubae," nikamwambia. "Na ole wako nikukute na kitambaa."