Nani Aliyerudia?

Hawa, mdogo wa mke wangu, anauza mawese sokoni Kasuku, hapa Kindu. Juma lililopita mtu aliyeficha jina aliandika mtandaoni kwamba anayachanganya na mafuta ya gari. Wateja wakamkimbia. Nilimpeleka kwa Maître Arsène, avoka, yaani wakili.

"Aliyeandika hatumujui," Arsène alisema. "Na kampuni ya mtandao ule inasema yenyewe ni njia tu. Mwizi akipita barabarani, nani anashitaki barabara?"

Neno hilo lilinishika, nikawasimulia. Wakati wa vita nilikuwa mtu wa foni, redio ya kupitisha ujumbe hadi Lubutu. Tulikuwa na desturi: kabla ya ujumbe, taja aliyeutuma. Mtu mmoja alitaka kumsingizia jirani yake bila kutajwa. Nilimfukuza.

"Basi!" Hawa alidakia. "Kampuni nayo ifanye hivyo. Jina, ama kunyamaza."

Arsène alinigeukia. "Papa Florentin, siku ulipowaonya Lubutu kwamba askari wanakuja, ulitaja aliyekuletea habari?"

Sikulitaja jina lake. Ningelitaja, wangemuua.

"Kwa hiyo mimi njo nipoteze meza yangu?" Hawa akauliza.

Nilimgeukia Hawa. Nikamuuliza habari ile aliipata kwa nani.

"Kwa Naomie, dada yetu wa Lubutu. Mtandaoni hafuati mtu yeyote wa Kindu, shemeji. Ilijileta yenyewe kwenye simu yake. Mara nne!"

"Mara nne?" nilisema. "Foni yangu ilisema mara moja, kwa aliyeitwa. Kampuni hii inachagua mtu wa kumwambia, halafu inarudia. Barabara gani inamfuata mtu nyumbani?"

Arsène alishika kalamu. "Papa, shule uliacha darasa la ngapi?"

"La tano. Andika."

Akaiandikia kampuni: hatuombi jina la mtu. Tunauliza nani aliamua kwamba mtu wa Lubutu asome uongo huu mara nne, na kwa nini asiwajibike kama aliyeusema mwenyewe.

"Kama sheria yetu ina jibu, sijui," alisema. "Lakini nataka kuona watajibu nini."

Hawa alitia sahihi, kisha akamtazama. "Maître, wewe mawese unanunua wapi?"

Arsène akainamisha macho. Mke wake naye alikuwa ameihama meza ya Hawa.

"Iko hivyo," Hawa alisema.

Avoka akatoa simu, akampigia mke wake mbele yetu.