Mtutu wa Buluu

Fundi wa bunduki alifungua dirisha la karakana, maana dawa ya kukitia chuma rangi harufu yake inakaba koo. Akavaa glavu, akaulaza mtutu juu ya kitambaa. Bunduki ilikuwa ya zamani, imeliwa na kutu. Mwenyewe, muuza viatu wa mtaa wa pili, alitaka chuma kirudishiwe ile buluu yake ya kukaribia weusi, aitundike sebuleni juu ya kochi. Fundi alikwisha kukipiga msasa mpaka kikawa cheupe, akakifuta kwa spiriti pasibaki alama ya kidole. Dawa yenyewe ni ya baridi, haitaki moto: unapaka, unasubiri kidogo, unasuuza, unasugua, unarudia.

Alipopaka dawa mkono wa kwanza, chuma kiligeuka kijivu, na kwenye kigoda cha wateja akatokea mwanamume wa kijivu, hafifu kama moshi. Akasalimu. Fundi akamwitikia, akaendelea kusugua. Mkono wa pili, chuma kikakolea. Mgeni naye akakolea, shati lake likapata vifungo. Kufikia wa tatu, mtutu uling'aa buluu iliyoiva, na mgeni alikuwa mtu kamili, anaomba maji ya kunywa.

Fundi alipomletea ndipo alipoona tundu mgongoni, chini ya bega la kushoto.

"Risasi imeingilia nyuma," alisema.

"Nilikuwa nafunga duka," mgeni akajibu, akanywa.

Jioni muuza viatu alikuja kuchukua bunduki yake. Alikuwa na mama yake, naye ndiye aliyetangulia kuingia.

"Umekonda, mwanangu," alimwambia mtu wa kigodani.

"Safari hiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Mama alimpangusa vumbi begani, mkono ukateremka ukafika kwenye tundu. Ukabaki hapo.

"Tuliambiwa bunduki hii ilikufyatukia ukiisafisha."

"Mtu anasafishaje bunduki kwa mgongo, mama?"

Mama akamgeukia mwanawe mkubwa, muuza viatu. Yeye alikuwa akiugeuzageuza mtutu kwenye mwanga, akitafuta kasoro.

"Kazi safi," alimwambia fundi.

"Nakuuliza wewe," mama alisema.

"Yameshapita hayo, mama. Na lile duka lingefika wapi? Huyu kila aliyemlilia shida alimgawia viatu bure."

Mdogo wake alicheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Fundi aliifunga bunduki kwenye gunia, akawaeleza jinsi ya kuipaka mafuta. Wakaondoka wote watatu kwa gari la muuza viatu. Mama alikaa nyuma na marehemu wake, amemshika mkono.

Nyumbani bunduki ilitundikwa, ikanyooshwa kidogo upande wa kulia. Chakula kilipoiva, mama alisimama muda mrefu mbele ya sufuria, upawa mkononi. Kisha akampakulia mkubwa kwanza, kama siku zote, maana ndiye anayewalisha. Mdogo akaivuta sahani yake karibu, akangoja zamu.