Wodi Wasiyoingia Wanaume

Katika kituo chetu cha afya pale Migori, mwaka wa pili baada ya Uhuru, wanaume waliingia popote walipotaka isipokuwa wodi ya wazazi. Hapo hata askari wa chifu alisimama nje akikohoa. Hakuna aliyewakataza, waliona haya tu. Sista Mong'ina, mkunga kutoka Kisii aliyenifundisha kazi, aliigeuza haya yao kuwa kufuli. Wanawake waliopigwa aliwalaza humo, katikati ya waliojifungua.

Tulifundishwa na machungu. Kwenye wodi ya kawaida mume alikuja asubuhi, akasema, "Mke wangu amepona," akamshika mkono wakaenda. Polisi nao walituambia hayo ni mambo ya nyumbani, tuache umbea. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Roseline alikuja kwa miguu kutoka Osiri, ambako mumewe Nicanor alichimba dhahabu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika.

"Nilianguka kwa kisima, Sista."

Mong'ina alimtazama shingoni. "Kisima gani hiyo iko na vidole, mama?"

Hapo ndipo alipolia. Tulipomvua nguo tuliona kwamba damu ilikuwa ikimtoka chini pia. Tulimwosha kwa maji ya uvuguvugu, tukamfunga mkono plasta. Mong'ina alimpima polepole, akimweleza kila kitu kabla ya kumgusa, kisha akaketi kando yake akamwambia ukweli. Alikuwa na mimba changa, na mateke ya tumboni yameitoa. Miaka yote ya ndoa yake alipigwa kwa sababu hazai. Mimba ilipokuja, alipigwa kabla hata hajaijua.

"Nikirudi huko nitakufa," alisema Roseline. "Sista, nitumie mtu kwa ndugu yangu Fanuel, Asumbi."

Tulimpa ujumbe dereva wa lori la Issack, mwenye duka. Kazi yetu ikawa moja tu: kumficha Roseline hadi kaka yake afike.

Aliyetuponza ni Dishon wa getini, mtu mwema ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Nicanor alipokuja kumtafuta mkewe, Dishon alimwambia huku akitabasamu, "Mama yuko wodi ya wazazi, omera, ndugu yangu."

Nicanor hakuuliza la pili. Aliondoka mbio, nasi tukamshukuru Mungu kwamba amekata tamaa. Kumbe!

Kesho yake adhuhuri tulisikia vigelegele. Nicanor alikuwa uani na kuku mkononi, na mama yake amebeba kibuyu cha uji, wanawake wa kwao wakimfuata nyuma. Kwa neno lile la wodi ya wazazi alikuwa ameamini amepata mtoto, ingawa hakuwahi kuona tumbo. Waliimba kwa Dholuo, na ndani ya wimbo niliweza kulisikia jina moja likirudi na kurudi: Roseline, Roseline, nyar Asumbi, binti wa Asumbi.

Nilitaka kutoka niwafukuze kwa ufagio. Roseline alinishika aproni.

"Waache kidogo," alisema.

Alikuwa amefumba macho, akisikiliza. Machozi yalimtiririka hadi masikioni.

Mama mkwe, kwa kuwa ni mwanamke, hakuwa na wa kumzuia. Aliingia akicheka, akapita kitanda kwa kitanda akichungulia watoto wa wenzake, mpaka akafika kwa Roseline. Aliona plasta. Akainua blanketi upande huu, akainua upande ule.

"Mtoto iko wapi?" alimuuliza Mong'ina kwa Kiswahili.

Mong'ina alifungua mdomo, lakini Roseline alimtangulia, naye akajibu kwa Kiswahili hicho hicho ili sote tusikie. "Uliza Nicanor, mama. Yeye ndiye alimtoa na mguu yake."

Yule mama aliweka kibuyu sakafuni akatoka. Wimbo ulikatika. Baadaye Nicanor alikuja hadi kizingitini, hakukivuka, akauliza kwa sauti ya kilio iwapo mtoto aliyetoka alikuwa mvulana. Kweli, hilo ndilo aliloona la kuuliza! Mong'ina alimfungia mlango usoni bila kumjibu.

Fanuel alifika asubuhi iliyofuata, na wa Osiri walikuwa wameshaondoka na kuku wao. Tulimsindikiza Roseline hadi getini. Akina mama wengine walipita hapo na watoto kifuani. Yeye alikuwa amebeba mkono wake mwenyewe. Nilifurahi kwamba amesalimika. Nilidhani naye angefurahi.

Alimgeukia Mong'ina. "Sista, ulisikia vile waliimba jina langu?"

"Nilisikia, mama."

"Kule nyumbani waliniita tasa tu," alisema. "Sikujua hata kama wanalijua."