Koti Jekundu la Kitindamimba

Mwaka 1996, katika majira ya baridi, mjane mmoja alipasuliwa macho katika nchi ya ugenini. Siku ya kufunguliwa bendeji, ambazo zingeondolewa alasiri, binti zake wawili walikuwa kituoni tangu asubuhi, wakisubiri treni ya kuwapeleka hospitalini.

Binti mkubwa alikuwa mshonaji. Kwa miaka yote ambayo mama yao hakuona, yeye ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamshika mkono kwenda msalani. Alikuwa na ombi moja tu, ambalo hakumwambia mtu: siku mama atakapofumbua macho, uso wa kwanza atakaouona uwe wake. Mdogo wake, aliyeitwa Kitindamimba hata alipokwisha kuwa mtu mzima, aliishi huko ugenini akifanya kazi ya saluni. Alipiga simu kila Jumapili, na mama alikuwa akijitia manukato kuisubiri simu hiyo.

"Nikija utanijua kwa koti langu jekundu," Kitindamimba alimwambia mama katika simu. Mama akawasimulia majirani habari za koti hilo kana kwamba amekwisha kuliona.

Saa nne treni ilifika kwa Kitindamimba. Haikufika kwa mshonaji. Yeye aliona reli tupu, na abiria wakipanda ngazi zisizokuwepo, wakiketi hewani na kufungua magazeti yao. Kitindamimba aliweka mguu mmoja juu, akageuka.

"Panda, Dada."

"Nipande nini?"

"Basi nami siendi. Siwezi kukuacha peke yako."

Akashuka. Wema huo ulimkaa mshonaji kooni kama mwiba wa samaki. Laiti mdogo wake angekuwa na roho mbaya, angalau yeye angepata pa kumshikia kinyongo.

Alikwenda dirishani kwa karani wa tiketi.

"Ya saa nne imekwisha kuondoka, mama," karani alimwambia bila kuinua uso.

"Nilikuwa papo hapo. Sikuiona."

"Haikuwa yako. Yako imechelewa."

"Imechelewa kiasi gani?"

Karani akainua simu, akauliza, akaikata. "Bado inatengenezwa. Wamefikia magurudumu."

"Heri yako," akasema mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliyekuwa nyuma yake. "Yangu wangali wanatafuta chuma."

Treni ya adhuhuri nayo ilimjia Kitindamimba, ikasimama mlango ukiwa mbele ya viatu vyake. Kwa haya alisogea kando. Treni nayo ikasogea. Mshonaji alilijua hilo kwa sababu mdogo wake alikuwa akiiomba radhi hewa.

"Hata reli zinakupenda," akasema mshonaji.

"Dada, jamani! Ni treni tu."

"Sijasema kitu mimi."

Baridi ilizidi, na mshonaji alikuwa amevaa sweta jepesi. Kitindamimba akavua koti lake, akamfunika mabegani.

"Livae. Utanirudishia tukifika. Ngoja nikatutafutie chai."

Mshonaji alilitazama koti kwa jicho la fundi. Mshono wa bega ulikuwa umepinda, na bitana ilishonwa harakaharaka. Hakuona cha kulipendea. Akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, akafunga vifungo hadi shingoni.

Treni ikaja. Ilikuwa ya kijani, yenye joto ndani, na mkagua tiketi alimshika mkono kumpandisha.

"Leo umetuweka sana, bibie. Hii ni mara ya tatu."

Kupitia kioo alimwona mdogo wake akirudi na vikombe viwili, akasimama mbele ya reli ambazo sasa zilikuwa tupu kwake. Mlango ulikuwa ungali wazi. Kitindamimba alikuwa ameshuka kwa ajili yake. Mshonaji akakaa vizuri kitini.

Alipoingia wodini, daktari alikuwa akiondoa tabaka la mwisho la bendeji. Mama akafumbua macho, akaona wekundu, akanyoosha mikono.

"Kitindamimba wangu!"

Mshonaji akafumbua kinywa kusema. Mama akamkumbatia kwa mikono miwili, kwa muda mrefu, akimpigapiga mgongoni na kumyumbisha kama mtoto mchanga. Hakuwa amepata kukumbatiwa hivyo. Akakifumba kinywa.

"Baridi ya huku haina huruma," akasema mama, akimpapasa viganja. "Mikono imekukakamaa kama ya dada yako."

"Ndiyo, Mama."

Jioni Kitindamimba alitokea mlangoni, midomo imempasuka, mabega yamempanda hadi masikioni. Treni ya dada yake ilikuwa imekamilika, na ndiyo aliyoipanda. Alisimama njia nzima, kwani viti vilikuwa havijawekwa.

Mama akamtazama kwa macho yake mapya.

"Ndiyo unafika sasa? Haya, maji yamekwisha kwenye jagi."

"Abee, Mama," akaitikia Kitindamimba, akalichukua jagi. Mshonaji akamfuata nje ya wodi.

"Chai yako ilipoa," akasema Kitindamimba. "Nikainywa."

Mshonaji alivua koti, akamvika, akamfunga vifungo hadi shingoni. Lilikuwa lingali na joto. Kisha akamkumbatia kwa mikono miwili, akampigapiga mgongoni, akamyumbisha, kwa muda uleule aliokumbatiwa yeye, bila kupunguza kitu. Kumbatio hilo nalo halikuwa lake.

Alipokwisha kulirudisha lote, akamtoa jagi mkononi, akaenda kuchota maji.