Mpwa wa Kiti cha Nyuma

Mwalimu wa udereva aliyeitwa Taratibu hakupewa jina hilo kwa sababu ya upole. Alilipata kwa kuwa ndilo neno alilolipigia kelele kuliko maneno yote. Mwanafunzi akikaribia tuta, yeye alipasua koo: "TARATIBU!" Mwanafunzi, kwa mshtuko, alikanyaga mafuta badala ya breki, na gari likaruka tuta kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Watu wa mtaa ule walikwisha kuzoea. Wakiisikia sauti hiyo walipanda kwanza kwenye kibaraza cha duka lolote lililokuwa karibu, halafu ndipo wakageuka kutazama.

Ukiacha hiyo sauti, alikuwa mtu mwema. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na alimpenda dada yake kwa kiasi kilekile alichomwogopa. Dada huyo alikuwa mkunga. Miaka mingi ya kuwaamrisha walio katika uchungu ilimzoesha kuwaamrisha hata wasio katika uchungu. Akitaka chumvi mezani alisema, "Lete. Usikaze mwili. Lete hivyohivyo."

Ndiye aliyempigia simu asubuhi moja.

"Mdogo wangu, huyu binti yangu amemaliza shule, sasa amekaa ndani kama kabati. Haongei. Mgeni akibisha hodi, yeye anaingia chumbani. Nataka akae karibu na mtu mzima mwenye kazi, amwone, ajifunze. Nimekuchagua wewe."

Taratibu alivimba kifua. "Dada, hapo umechagua vizuri."

"Sijachagua vizuri. Nimechagua wa karibu. Na ukiniharibia mtoto, tutaonana."

Basi mpwa akaletwa. Nyumbani walimwita Kimya, na jina lilimkaa sawasawa. Alipewa meza katika ofisi ya chuo cha udereva, chumba kimoja kilichotazama barabara, chenye michoro ya alama za barabarani ukutani na simu ya mezani ambayo waya wake ulikuwa umefungwa kwa plasta. Kazi yake ilikuwa kupokea simu na kuwapangia wanafunzi saa zao. Kazi zikipungua, alikaa kiti cha nyuma cha gari la mafunzo, akamtazama mjomba wake akifundisha. Alitazama kweli. Macho yalikuwa hayabanduki kwenye kisogo cha Taratibu.

"Unanisoma, eeh?" mjomba alimwambia kwa furaha. "Nisome tu, mama. Mimi ni kitabu kilicho wazi."

Kitabu kilikuwa wazi kuliko alivyodhani.

Siku moja Taratibu alikuwa ameketi ofisini, miguu juu ya kiti cha wageni, kikombe cha chai mkononi, na mwanafunzi akimsubiri nje juani. Simu ikalia. Kimya akaipokea. Aliyepiga alikuwa bosi, mwenye chuo.

"Taratibu yuko wapi?"

Kimya alimtazama mjomba wake, akaitazama chai, akasema kwa sauti nyororo, "Yuko barabarani na mwanafunzi, bosi. Haloo? Haloo? Naona mtandao unasumbua." Akakata simu.

Ilikuwa simu ya waya. Taratibu alicheka mpaka chai ikampalia. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, hata ule mkato wa pili wa "haloo". Jioni alimsimulia fundi magari wa jirani kwamba mpwa wake ni hodari, anashika mambo upesi ajabu.

Haikupita wiki, dada akatokea ofisini bila taarifa, bado amevaa sare ya kazini. Mkoba aliuweka mezani kwa kishindo. Kimya alikuwa ametoka kununua wino.

"Nieleze," dada alisema. "Jana nilikuwa jikoni. Mwanangu yuko chumbani. Nikamwita, haitiki. Nikampigia simu aje anisaidie kuosha vyombo. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui, dada."

"'Niko njiani mama, nimeshafika kona.' Chumbani na jikoni kuna kona gani? Nikamwambia nakusikia hapo ukutani. Akaniambia, 'Haloo, mtandao unasumbua.' Mimi hata simu nilikuwa nimeshaiweka chini! Tulikuwa tunaongea kwa midomo!"

Taratibu aliuma mdomo asicheke.

"Subiri, sijamaliza. Leo asubuhi namimina chai, kikombe kinakaribia kujaa. Nyuma yangu mtu akanipigia ukelele: 'TARATIBU!' Mkono uliruka. Tazama." Alionyesha doa kwenye sare. "Miaka yote hii natoa watoto duniani, hakuna aliyewahi kunishtua hivyo. Nilikuletea mtoto mkimya umfunze. Wewe umenirudishia wewe mwingine. Mdogo wangu, katika ukoo huu wewe mmoja ulitosha!"

Alichukua mkoba wake akatoka. Mlangoni akageuka. "Simwondoi. Nikimwondoa sasa, atakuwa amejifunza hayo tu. Umemfikisha huko, mtoe huko."

Taratibu alibaki peke yake na zile alama za barabarani. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Alijaribu kukumbuka ni lini alipigiwa simu akasema mahali alipo kweli, akakosa. Alijiona kama mtu aliyesikia sauti yake kwenye redio kwa mara ya kwanza: hivi ndivyo ninavyosikika? Na watu wamenivumilia?

Usiku ule alikata shauri kubadilika, na kama kawaida ya watu wenye haraka, alikata shauri kubadili kila kitu kesho yake.

Kesho yake ilianza kwa simu ya bosi. "Uko wapi, mbona wanafunzi wamejaa hapa?"

Taratibu akajibu, "Bosi, niko nyumbani. Sijatoka kitandani."

"Nani anaongea?" bosi aliuliza.

"Ni mimi, bosi."

"Unaumwa?"

"Hapana. Uvivu tu. Nakuja."

Bosi hakukasirika, aliogopa. Alimwendea Kimya mezani kumuuliza kama mjomba wake amepata kazi chuo kingine, maana mtu hasemi ukweli namna hiyo mpaka awe anaondoka.

Mwanafunzi wa kwanza siku hiyo alikuwa Bibi Mwalimu, ajuza aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza mpaka akastaafu. Macho ya mumewe yalikuwa yamepungua nguvu na gari lao lilikuwa limelala uani, kuku wakitagia kwenye kiti cha mbele. Bibi aliamua kujifunza mwenyewe. Alikuwa ameshindwa mtihani mara mbili. Mara ya mwisho alipita kwenye tuta bila kupunguza mwendo, na msimamizi alipomuuliza kulikoni, alijibu kwa unyoofu, "Nilikuwa nasubiri kelele."

Siku hiyo Taratibu alikuwa ameapa kutopiga kelele. Kimya alikaa kiti cha nyuma, Bibi akashika usukani, wakaingia barabarani. Mbele, fundi ujenzi alikuwa amemwaga lundo la mchanga ukingoni.

"Breki, Bibi," Taratibu alinong'ona.

"Unasema?"

"Nasema breki," alinong'ona tena, kwa upole uliotakata.

"Mwanangu, ongea, masikio haya ni ya zamani!"

Taratibu alikuwa amejishughulisha sana na sauti yake hata akaisahau breki iliyokuwa chini ya mguu wake mwenyewe. Gari lilipanda lundo la mchanga kwa adabu, likainua pua, likazima. Mafundi waliacha makoleo wakapiga makofi.

Bibi Mwalimu alizima taa ya kuashiria, akavuta breki ya mkono, akamgeukia. Alimtazama kwa jicho lililokwisha kunyoosha vizazi vya watoto.

"Umeamkaje leo?"

Taratibu hakuwa na pa kujificha. Alimweleza yote: dada, chai, kona ya chumbani, na simu ya bosi. Huko nyuma Kimya alikuwa ameinama, masikio yanawaka.

Bibi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Sikiliza. Kati ya kupiga kelele na kunong'ona kuna kitu kinaitwa kusema. Na shida yako wala si sauti. Wewe unaniambia nilichokosea. Nikishakosea, najua, gari limeruka, kichwa kimegonga paa! Niambie kinachokuja. Mtoto humwambii 'umeanguka'. Unamwambia 'hapo mbele pana utelezi'."

Taratibu aliutazama mchanga uliokuwa mbele ya kioo. Alikuwa amefundisha watu wengi, na hakuna aliyewahi kumfundisha kufundisha.

"Nisamehe, Bibi," alisema. "Ile mitihani miwili ulishindwa kwa sababu yangu."

"Mmoja," Bibi alisema. "Ule wa kwanza nilishindwa mwenyewe. Haya, tushushe gari."

Kimya aliyaona yote. Baadaye alimwambia mama yake kwamba hajawahi kumwona mtu mzima akiomba msamaha juu ya lundo la mchanga, tena mafundi wanatazama, na asife.

Kuanzia hapo mambo yalienda vizuri, ingawa si kila siku. Taratibu alipitiwa mara kadhaa. Siku moja alianza, "TARA—" akameza yaliyobaki, akakohoa robo saa. Lakini alijifunza kusema kabla ya jambo: mbele kuna tuta, kulia kuna watoto wa shule, yule mwenye baiskeli hatazami nyuma. Bibi naye akaanza kuendesha kama mtu anayekwenda mahali, siyo kama mtu anayekimbia kitu.

Kisha, siku ya mwisho ya mazoezi kabla ya mtihani, mafua yakamshika Taratibu. Aliamka sauti imekwenda. Alifungua mdomo, ukatoka upepo. Bosi alitaka kuahirisha, Bibi akakataa katakata. "Mume wangu ana miadi ya macho mwezi ujao, nani atampeleka? Kuku?"

Taratibu alikaa kiti chake, mguu juu ya breki yake, akamtazama Kimya kwenye kioo. Akagusa koo lake, akaonyesha barabara, akamnyooshea kidole.

"Mimi?" Kimya alishtuka. "Mjomba, mimi hata leseni sina!"

Taratibu akatikisa kichwa, akaonyesha macho yake, halafu macho ya Kimya. Maana yake ilieleweka: umeona, si ndiyo? Basi sema.

Waliondoka. "Mbele kuna njia panda," Kimya alisema.

"Mjukuu wangu, hiyo ni sauti ya kuongea na mchwa. Mimi ni mtu."

"Mbele kuna njia panda, Bibi."

"Mchwa wamesikia."

"MBELE KUNA NJIA PANDA!" Kimya alisema, akajishtua mwenyewe, mkono ukamruka mdomoni. Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, akaendelea: "Kuna lori kushoto. Dereva wake anakunywa soda, hajakuona. Tumwache apite kwanza."

Wakamwacha apite. Kimya akaanza kuongea, na kumbe alikuwa na mengi. Alijua duka ambalo wateja wake hufungua milango ya magari bila kutazama. Alijua kona ambayo wanafunzi wote hukata mapema. Bibi alipozimisha gari mlimani na magari ya nyuma yakaanza kulalamika kwa honi, Kimya alimwambia, "Wao wana haraka, sisi tuna klachi. Anza upya, Bibi, hakuna anayekufukuza." Hilo Taratibu hakuwahi kulisema. Aligeuka kumtazama. Alihisi wivu kidogo, wivu wa mtu aliyepanda mchicha ukaota mnazi, halafu akahisi fahari iliyomfanya apige chafya mara tatu. Lakini hizo huenda zilikuwa mafua.

Siku ya mtihani walikaa kwenye benchi nje ya uwanja, mjomba na mpwa, wasiweze kusaidia lolote. Waliliona gari likifika kwenye tuta. Likapunguza mwendo lenyewe, bila kelele ya mtu, likapita kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Taratibu alimshika Kimya mkono akaubana mpaka binti akalalamika. Bibi Mwalimu alirudi ameshika karatasi juu ya kichwa chake, akacheza hatua mbili tatu mbele ya msimamizi, ambaye hakujua atazame wapi.

Mumewe alipelekwa kwenye miadi yake. Ilibidi kwanza kuku wahamishwe, na mmoja alikataa.

Kimya hakujiunga na udereva. Alimfuata Bibi Mwalimu nyumbani kila wikendi, wakaongea mambo ya madarasa na watoto, na mwaka ulipokwisha aliomba nafasi katika chuo cha ualimu, akaipata. Siku ya kuondoka alimuaga mjomba wake ofisini kwa maneno mengi hata bosi akamkumbusha kwamba wanafunzi wanasubiri.

Dada alipiga simu jioni hiyo. "Nimetoka kumsindikiza. Njia nzima anaongea. Kichwa kinaniuma."

"Pole, dada."

"Usinipe pole, nimefurahi." Akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Nimeongea na dada zetu wa kule mbali. Kuna wapwa wako wengine wawili wamemaliza shule. Mmoja mkaidi, mwingine analala. Watafika Jumatatu."

"Dada! Mimi mwenyewe bado najirekebisha!"

"Ndiyo. Waje wakuone ukijirekebisha. Usikaze mwili."

Taratibu aliweka simu chini, akakuna kichwa, kisha akaenda kumtafuta bosi amwombe meza ya pili.