Kiti cha Kumi na Mbili

Olegario alifariki Jumanne moja ya Machi, chai yake chungu ikiwa bado moto mezani. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na mtu wa kuzunguka kijijini kutafuta watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu kanisani Alhamisi Kuu, kama mitume wa Yesu. Kwa miaka ishirini na sita kazi hiyo ilikuwa yake, na kiti cha kumi na mbili alikikalia mwenyewe.

Mkewe, Delmira, alikuwa hajatimiza wiki tatu za ujane padri alipompigia simu.

"Mama Delmira, wasipopatikana kumi na wawili mwaka huu, askofu atalifunga kanisa. Manispaa inalitaka liwe ukumbi wa mazoezi."

Atawapata wapi? Katika kalenda ya Uruguay hakuna Juma Kuu. Wiki hiyo huitwa Wiki ya Utalii. Wenye magari walikwenda pwani. Waliobaki walikuwa uwanjani, kwenye mashindano ya kupanda farasi wakali, nyama ikichomwa tangu asubuhi. Delmira akajitanda mtandio mweusi, akawafuata huko huko.

"Pole na msiba, mama," akasema Ademar, mpanda farasi aliyewashinda wote. "Lakini mimi mambo hayo siyaamini."

"Sijakuuliza kama unaamini. Nimekuuliza kama una miguu."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Anayo, ila akivua buti farasi watazimia!"

"Nyamaza wewe, soksi zako zina madirisha!"

"Kumbe mnaogopa maji," Delmira akasema. "Farasi anawabwaga mbele ya umati mzima, kesho mnampanda tena. Beseni ndilo linalowatisha?"

Ademar aliacha kucheka.

"Olegario ndiye aliyenifundisha kupanda," akasema. "Kila nikianguka alikuwa ananiombea, nami namcheka. Ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili jioni."

Alhamisi jioni Ademar na wenzake walikuja na vumbi lao, wakafunga farasi uani. Delmira akahesabu: pamoja na Ademar, kumi na mmoja. Akahesabu tena. Padri akatazama mlango, hakuingia mwingine. Kiti cha Olegario kilikuwa kitupu.

"Si ukae wewe?" Ademar akauliza.

"Hapa hukaa wanaume tu."

"Wanawake wameruhusiwa siku nyingi, mama," padri akasema. "Marehemu ndiye aliyekuwa hataki kusikia."

Delmira akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akakaa.

Padri akaosha miguu ya mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Ademar, yule bwana aliinamisha kichwa, machozi yakadondokea ndani ya beseni. Kisha akainuka, akachukua taulo, akapiga magoti mbele ya Delmira.

"Huyu niachie mimi, padri."

Akamwosha taratibu kwa mikono yake yenye sugu.

"Niombee kama alivyoniombea yeye," akanong'ona.

"Naanza leo, mwanangu."

Wake na watoto, waliokuja kuwachungulia wanaume wao wakiwa pekupeku, waliingia wawili watatu mpaka kanisa likajaa hadi mlangoni. Delmira akaanzisha wimbo, miguu yake ikiwa bado na maji. Ukapokewa kwa sauti nene, ya watu waliozoea kuita ng'ombe kutoka mbali, na farasi uani wakasimamisha masikio.

Kanisa halikufungwa; sasa kuna misa kila Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa nne asubuhi. Ademar atabatizwa Novemba.