Rejeta ya Chumba cha Juu

Jumamosi moja ya Januari 2010, baridi ya ughaibuni ikiwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, Gaudiosa alipanda treni kwenda mji wa Upplands Väsby akiwa amepakata begi la vifaa. Gari la kampuni halikuwa likitoka wikiendi, na kazi hii hakuipata kwa mwajiri. Aliipata kanisani, mtaa wa Tensta, kwa Mkongomani mmoja wa Uvira aitwaye Édouard, ambaye alimsogelea baada ya ibada akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mama Gaudiosa, wananiambia wewe ni fundi bomba. Nyumba yangu yote iko na moto, chumba kimoja tu inakataa. Na ndiyo ile ya bibi yangu."

Gaudiosa ni mtu wa Muleba, na kwao bibi ni mama wa mama au wa baba. Alimfikiria kikongwe akitetemeka chini ya mablanketi, akaahidi kwenda.

Édouard alimfungulia mlango. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, kichwa kimenyolewa, na jicho la kulia limefunikwa na utando mweupe. Alipoongea aligeuza uso kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu nje. Alimpandisha ngazi hadi chumba cha juu. Kilikuwa na baridi ya kutoa mvuke mdomoni. Palikuwa na kitanda kikubwa kipya, godoro lake likiwa bado ndani ya nailoni, na kitanda kidogo kando ya ukuta. Hapakuwa na mtu.

"Bibi amelazwa hospitali?" Gaudiosa aliuliza.

"Hapana, mama. Iko Nyarugusu, kambini kule Kigoma. Yeye na mtoto wetu, Heshima. Nilimwacha na miezi minne. Sasa anaenda kwa miaka minane."

Ndipo Gaudiosa alipokumbuka kwamba kwa Wakongomani bibi ni mke. Aliona aibu, akainama kwenye rejeta, lile bamba la chuma ukutani linalopitisha maji ya moto kupasha chumba joto.

Édouard alimweleza akiwa amesimama mlangoni. Nyumba aliinunua kwa mkopo mwaka uliopita, ili ofisi ya uhamiaji isije ikasema hana pa kuwaweka. Yeye mwenyewe alilala chini kwenye kochi, kwa sababu hakutaka kukianza kile kitanda peke yake. Ndiyo maana hakujua kwamba rejeta haipati moto, mpaka juzi alipopanda kutundika mapazia.

Gaudiosa alifungua kile kichwa cha kuongezea na kupunguzia joto. Chini yake kulikuwa na pini ya vali, ambayo inapaswa kuruka ukiibonyeza na kuachia. Hii ilikuwa imezama na haikurudi. Aliishika kwa koleo, akaivuta, akaigonga taratibu kwa mpini wa spana. Badala ya kupanda, ilianza kuvuja maji meusi pembeni.

"Hii imekufa," alisema. "Tubadilishe vali nzima."

Walizima boila na pampu, wakatoa maji kwa mpira kule ghorofa ya chini ya ardhi, mpaka mabomba ya juu yakabaki matupu. Vali ya zamani ilikuwa imeshikana kwa kutu, na Gaudiosa aliing'ang'ania kwa spana mbili hadi ikaachia. Alisafisha nyuzi za bomba kwa brashi ya waya, akazungushia kitani cha kuzuia maji yasivuje, akafunga mpya na kukaza nati.

"Sasa nenda chini, kaka," alisema. "Fungua maji polepole na uangalie geji ya presha. Mshale ukifika moja na nusu, funga. Mimi natoa hewa huku juu."

Édouard alishuka. Simu yake aliisahau dirishani, na haikupita dakika mbili ikaanza kuita.

"Pokea, mama," sauti ilitoka chini kabisa. "Ni bibi yangu, Béata. Anatembea saa nzima kutafuta mtandao. Usiache ikatike."

Gaudiosa alijifuta mkono na kupokea.

"Édouard?"

"Hapana, dada. Mimi ni fundi, naitwa Gaudiosa. Yeye yuko chini anajaza maji."

"Fundi mwanamke," Béata alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimeshakuwa cha Kigoma. "Hayuko karibu?"

"Hayuko."

"Basi niambie, dada, maana nafasi kama hii sitaipata tena. Humo ndani kuna mwanamke?"

Gaudiosa alikitazama kitanda. "Hapa nilipo kuna kitanda hakijalaliwa na mtu. Hata nailoni haijatolewa. Yeye analala kwenye kochi."

Béata alishusha pumzi. "Na yeye mwenyewe? Picha zote anazonitumia ni za upande wa kushoto. Miaka mitatu sasa. Upande wa pili kuna nini?"

Hewa ilikuwa ikitoka kwenye rejeta kwa mluzi mwembamba. Gaudiosa alishikilia kitambaa chini ya tundu.

"Hilo atakuambia mwenyewe, dada."

"Kwa hiyo kipo."

"Kipo. Lakini ni mzima. Anafanya kazi, anapanda ngazi, ananunua mapazia."

"Ni jicho," Béata alisema. "Aliniambia waya wa kufungia mizigo ulikatika ghalani ukampiga, na limepona. Nilijua halijapona." Upepo ulipiga kwenye simu. "Hata mimi kwenye picha kilemba sivui."

Maji yalifika kwenye rejeta, Gaudiosa akafunga tundu. Édouard akapanda mbio, shati limelowa kifuani, akapewa simu. Gaudiosa alikusanya vifaa. Akiwa kwenye ngazi alimsikia akisema, "Nani amekwambia?" Kisha, "Ndiyo. La kulia. Halioni kabisa."

Gaudiosa aliwasha boila mwenyewe, akanawa mikono, akangoja jikoni. Édouard aliposhuka hakugeuza uso.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Alikuwa anajua."

Aliitikia kwa kichwa, akaweka maji ya chai. Chai ilipokwisha walipanda kuangalia, na rejeta ilikuwa ya moto kutoka juu hadi chini. Gaudiosa alimshauri aipunguze, maana chumba hakina mtu na umeme ni ghali.

"Hapana, mama," Édouard alisema. "Iache hivyo hivyo."

Karatasi za kuwaleta mke na mtoto zilichukua mwaka mmoja na miezi minne. Mwezi wa Mei, Béata alimpigia Gaudiosa yeye mwenyewe: "Niko hapa Väsby, dada. Njoo ule."

Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Heshima alikaa nyuma ya mama yake, na alipotaka kumtaja Édouard alisema "yule." Édouard alizunguka meza akipakua chakula, akimwekea mtoto nyama, akimwongezea mchuzi, na kila mtoto alipofungua mdomo alisimama na kijiko mkononi akisikiliza. Siku hiyo neno alilolingoja, "baba," halikuja. Béata alikuwa akimtazama mumewe, na bado hakuonekana kushiba kumtazama.

Alimsindikiza Gaudiosa hadi mlangoni.

"Na wewe, dada, nani anakungoja?"

"Mama yangu, Muleba," Gaudiosa alisema. "Miaka tisa sijamwona."

Béata alimshika mkono na hakuuachia upesi.

Gaudiosa alishuka kituo cha Karlberg kubadili treni. Alikaa kwenye benchi. Treni mbili za kwenda kwake Sundbyberg zilikuja zikaondoka, kabla hajainuka.